Gulio, Forodha na Uwanja: Historia ya Matembezi ya Watu wa Kawaida kati ya Lualaba na Pwani

1.0 Utangulizi

Mulongo ni mji mdogo ulioko kandokando ya mto Lualaba, katika wilaya ya Malemba-Nkulu, mkoa wa Haut-Lomami, ambao makao yake makuu ni Kamina. Kabla ya mwaka 2015 sehemu hiyo yote ilikuwa ndani ya mkoa mpana wa Katanga. Mgeni anayefika katika mji wa namna hiyo, akauliza ni wapi mtu anaweza kutembea na kupumzika bila ya kutoa fedha nyingi, hatasubiri jibu kwa muda mrefu: ataelekezwa mtoni. Hapo ndipo mitumbwi inapofika na kuondoka, samaki wanapopakuliwa, watoto wanapoogelea, na habari za huko juu na huko chini ya mto zinaposimuliwa kabla hazijafika mahali pengine popote. Asiye na cha kununua wala cha kuuza naye huenda, kwa sababu kutazama na kuzungumza havina ada.

Wanahistoria wengi walioandika juu ya Lualaba hawakulitilia maanani jambo hili. Kwao mto huo ulikuwa njia: njia ya pembe za ndovu, ya watumwa, ya shaba, na baadaye ya meli za Wabelgiji. Pwani ya Afrika Mashariki nayo imeandikwa aghalabu kwa jicho la biashara na utawala. Lakini watu waliopita katika njia hizo, na wale walioishi kando yake, walikuwa pia na saa zao za mapumziko, na mapumziko hayo yana historia.

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia hiyo kwa kufuata sehemu tatu zilizounganishwa na njia moja ya misafara: gulio la Nyangwe katika mto Lualaba, Forodhani katika mji wa Unguja, na viwanja vya wazi vya miji ya kikoloni, kuanzia pwani hadi Katanga. Hoja yetu ni kwamba maji peke yake hayafanyi mahali pa starehe. Starehe ya mtu asiye na fedha hutegemea mambo mawili: ardhi inayokubaliwa kuwa ya wote, na amani inayokubaliwa na wote. Mambo hayo mawili yakivunjwa, mto hubaki palepale, lakini matembezi hutoweka.

2.0 Maneno yenyewe

Kabla ya kuingia katika matukio, inafaa tuyatazame maneno ambayo Kiswahili kinayatumia kwa jambo hili, kwani yamehifadhi fikra ambazo hati za utawala hazikuzihifadhi. Neno starehe lina asili ya Kiarabu na ni jamaa ya neno raha. Maana yake ya msingi ni kupumzika. Burudani nalo ni jamaa ya baridi: aliyeburudika ni mtu aliyekuwa katika joto, na sasa amepoa. Watu wa pwani husema wanakwenda kupunga upepo, yaani kukaa mahali ambapo upepo wa bahari unawafikia, hasa jioni jua linapopungua ukali. Katika maneno haya matatu hakuna hata moja linalotaja fedha. Yote yanataja hali ya mwili uliochoka na kupata nafuu.

Neno kutembea lina upana wake pia. Ni kwenda kwa miguu, lakini ni kuzuru vilevile: mtu husema atakuja kutembea kwa jamaa yake, na msemo wa tembea uone huhesabu matembezi kuwa ni njia ya kupata elimu. Kwa hiyo matembezi, kwa Mswahili, hayahitaji mahali palipotengenezwa maalumu kwa ajili yake. Yanahitaji watu wa kukutana nao.

Neno la mwisho ni bure, nalo lina mtihani ndani yake. Kitu cha bure ni kitu kisicholipiwa. Lakini kitu cha bure ni pia kitu kisicho na faida, na kumwita mtu kuwa ni mtu bure ni kumtusi. Maana hizi mbili zimekaa pamoja katika neno moja. Tutaona kwamba katika historia ya viwanja na fukwe, wenye mamlaka mara nyingi walishika maana ya pili na kusahau ile ya kwanza: ardhi isiyoleta fedha ilionekana kuwa ardhi iliyokaa bure.

3.0 Bonde la Upemba na makauri ya mbali

Uhusiano wa Lualaba na pwani ni wa kale kuliko misafara ya karne ya 19. Kusini mwa Mulongo mto unapita katika bonde la Upemba, lenye maziwa na mabwawa mengi, likiwemo ziwa Kisale. Kando ya ziwa hilo, mahali paitwapo Sanga, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba makaburi ya kale katika miaka ya 1957 na 1958. Pierre de Maret aliendeleza uchunguzi huo katika bonde zima kuanzia miaka ya 1970. Walichokikuta ni dalili za jamii kubwa ya wavuvi, wafinyanzi na wafua vyuma, iliyostawi tangu kabla ya mwaka 1000. Marehemu walizikwa pamoja na vyungu vizuri, zana za uvuvi, na mapambo ya shaba iliyotoka katika migodi ya kusini. Katika baadhi ya makaburi yamepatikana pia makauri machache, ambayo asili yake ni Bahari ya Hindi.

Makauri hayo hayakuletwa na msafiri mmoja aliyetoka pwani moja kwa moja. Yamkini yalipita mkono hadi mkono, kutoka gulio moja hadi jingine, kwa muda mrefu. Hili ni jambo la kuzingatia. Kabla ya kuwako msafara mkubwa wenye bendera na bunduki, palikuwa na mfululizo wa magulio madogo, na kila gulio lilikuwa mahali ambapo watu wa vijiji mbalimbali walikutana, wakabadilishana vitu, na bila shaka wakabadilishana maneno.

4.0 Gulio la Nyangwe

Maelezo marefu ya kwanza yaliyoandikwa kuhusu gulio la Lualaba ni ya David Livingstone, ambaye alifika Nyangwe mwishoni mwa mwezi wa Machi 1871 na kukaa huko hadi Julai. Nyangwe iko katika Maniema ya leo, mbali chini ya mto ukitoka Mulongo, na wakati huo ilikuwa imeanza kuwa kituo cha wafanyabiashara Waswahili na Waarabu waliotoka pwani. Livingstone alikuwa akingoja mtumbwi wa kumvusha mto, na kila mara aliponyimwa mtumbwi alikwenda gulioni. Kwa jinsi hiyo alilifahamu gulio vizuri kuliko alivyokusudia, akajifunza hata jina lake la kienyeji, ambalo aliliandika chitoka.

Alichokiona ni gulio la wanawake. Walikuja kwa mamia, wengi wakivuka mto kwa mitumbwi kutoka ng'ambo, wakiwa wamebeba vyungu, muhogo, samaki, kuku, chumvi, pilipili na mafuta ya mawese. Walitembea mwendo mrefu chini ya mizigo mizito. Livingstone aliona kwamba faida ya kuuza haikuwa sababu pekee iliyowaleta. Walifurahia kule kupatana bei, kutaniana, kucheka na kujaribu kuzidiana ujanja. Kwa maneno mengine, gulio lilikuwa kazi na lilikuwa matembezi kwa wakati mmoja. Mwanamke aliyerudi nyumbani na chungu chake bila ya kukiuza alikuwa amepata jambo jingine.

Jambo la maana zaidi alilolieleza ni amani ya gulio. Aliambiwa kwamba hata pale wanaume wa wilaya mbili walipokuwa vitani, wanawake wao waliendelea kupita kwenda gulioni bila ya kuguswa. Hapakuwa na askari wa kuilinda amani hiyo wala hati iliyoiandika. Ilikuwa desturi, na kila aliyefika gulioni alikuwa mlinzi wake kwa kule kuifuata tu.

Tarehe 15 Julai 1871 desturi hiyo ilivunjwa. Siku hiyo palikuwa na watu wapatao 1,500 gulioni, idadi iliyokuwa ndogo kuliko kawaida kwa sababu ya moshi wa vijiji vilivyokuwa vikichomwa ng'ambo ya mto. Livingstone aliwaona watu watatu wa mfanyabiashara Dugumbe wakiingia na bunduki. Alishangaa, akataka kuwakemea, kwani silaha haziletwi gulioni. Lakini alidhani ni ugeni wao. Mmoja wao alianza kugombana na mchuuzi juu ya bei ya kuku, akataka kumnyang'anya. Baada ya muda mfupi risasi zilianza kulia katikati ya gulio, na kundi jingine likawafyatulia risasi wanawake waliokuwa wakikimbilia mitumbwi katika kijito. Mitumbwi ilisongamana, makasia yakasahauliwa, watu wakajitupa majini na wengi wakazama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Inatupasa kuwa waangalifu kuhusu ushahidi huu. Habari ambazo ulimwengu ulizisoma kwa zaidi ya miaka 100 zilitoka katika kitabu kilichohaririwa na Horace Waller mwaka 1874, baada ya kifo cha Livingstone. Lakini shajara aliyoiandika palepale Nyangwe ilikuwa juu ya kurasa za gazeti kuukuu, kwa wino wa matunda, kwa sababu karatasi zilikuwa zimemwishia. Wino huo ulififia hata hausomeki. Mwaka 2011 kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Adrian Wisnicki kilitoa maandishi hayo baada ya kuyapiga picha kwa mianga ya namna mbalimbali. Ulinganisho umeonesha kwamba maelezo ya awali yana tofauti na yale yaliyosafishwa baadaye, na umezusha maswali kuhusu mwenendo wa watu wa Livingstone mwenyewe katika siku zile. Tukio lenyewe halina shaka. Usimulizi wake ndio unaotaka kusomwa kwa makini.

Verney Lovett Cameron alipofika Nyangwe mwezi wa Agosti 1874, alilikuta gulio likiendelea. Wanawake walikuwa wamerudi. Mwandishi wa historia ya biashara atalitaja jambo hili kuwa ni uthabiti wa soko. Sisi tunaliona pia kuwa ni uamuzi: watu waliopoteza mama na dada katika kijito kile waliamua kwamba hawataacha kukutana. Hata hivyo, kurudi kwa gulio si sawa na kurudi kwa amani iliyokuwapo kabla. Mji uliendelea kuwa mikononi mwa wenye bunduki, hadi mwezi wa Machi 1893 uliposhikwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliyoongozwa na Francis Dhanis, nao walikuja na bunduki zao.

5.0 Forodhani: kutoka ushuru hadi upepo

Habari za Nyangwe zilisafiri kwa njia ileile ya misafara kuelekea mashariki, zikafika Uingereza mwaka 1872 na kuchangia hasira ya watu dhidi ya biashara ya utumwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la mji wake. Kwa hiyo kuvunjwa kwa soko moja la mtoni kulisaidia kufungwa kwa soko jingine la pwani. Na ni katika mji huohuo wa Unguja kwamba tunakuta mfano ulio kinyume kabisa na ule wa Nyangwe: mahali palipoanza kwa ukali pakaishia kuwa pa mapumziko.

Jina Forodhani linaeleza historia yake lenyewe. Forodha ni mahali pa kutoza ushuru. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 ukusanyaji wa ushuru wa Unguja ulikodishwa na Sultani kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na jumba la forodha lilikuwa ufukweni, mbele ya majumba ya utawala. Pembe za ndovu zilizobebwa kutoka Maniema zilipita hapo, zikapimwa na kutozwa. Mpagazi aliyefika na mzigo wake mahali hapo hakwenda kupunga upepo.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 shughuli za bandari zilihamia upande wa Malindi, ambako gati jipya lilijengwa. Ufuko wa mbele ya majumba ukabaki wazi, na katikati ya miaka ya 1930 ukatengenezwa bustani kwa heshima ya miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub, aliyekalia kiti tangu 1911. Bustani hiyo, basi, ilikuwa zawadi ya utawala kwa sifa ya utawala. Lakini wenyeji wa mji waliitumia kwa namna yao. Walikwenda jioni na watoto, wakaketi ukutani wakitazama majahazi, vijana wakajitupa baharini kutoka juu ya ukuta, na wauza vyakula wakawasha majiko yao. Mishikaki, pweza, muhogo wa kuchoma na maji ya miwa vikawa sehemu ya jina la mahali hapo, hata leo mtu akisema Forodhani hafikirii ushuru hata kidogo.

Bustani ilitengenezwa upya na Shirika la Aga Khan la Utamaduni na kufunguliwa tena mwaka 2009. Matengenezo hayo yaliokoa ukuta wa bahari na miti, lakini pia yanazusha swali ambalo kila mji wa kitalii hukutana nalo. Mwenyeji na mtalii hukaa katika bustani moja, ila hawanunui kwa mfuko mmoja. Upepo haujapandishwa bei, pweza amepanda. Kwa bahati njema ukuta wa kukalia bado hauna tiketi, na katika mjadala wowote juu ya mustakabali wa Forodhani, hilo ndilo jambo la kwanza la kulindwa.

6.0 Uwanja: uwazi uliogeuzwa

Ikiwa Forodhani inatuonesha ufuko wa biashara uliogeuka kuwa bustani, viwanja vya wazi vya miji ya kikoloni vinatuonesha jambo lililo gumu zaidi: ardhi iliyotengwa ili watu wasikutane, ambayo watu waliifanya kuwa mahali pa kukutania.

Katika mji wa Unguja, kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, palikuwa na hori ambalo maji ya bahari yaliingia na kutoka. Jina la Darajani ni kumbukumbu ya daraja lililolivuka. Hori hilo lilijazwa udongo hatua kwa hatua, na upande wa Mnazi Mmoja pakawa na viwanja vya michezo. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya burudani na siasa katika mji wa Unguja, ameonesha jinsi mpira wa miguu ulivyowapa wakazi wa Ng'ambo nafasi ya kukutana, kushindana na kujadiliana. Ng'ambo ndiko pia ambako mwaka 1928 wapangaji waligoma kulipa kodi ya viwanja vya nyumba zao. Si ajabu kwamba watu walewale waliopigania kodi ya ardhi waliithamini sana ardhi isiyo na kodi. Siku za Idi uwanja wa Mnazi Mmoja ulijaa watoto waliovaa nguo mpya, na shilingi moja ya sikukuu ilitosha kuwapa furaha ya siku nzima.

Dar es Salaam nayo ina Mnazi Mmoja wake. Huo ulikuwa uwazi ulioachwa na watawala kati ya Kariakoo, walikoishi Waafrika, na sehemu ya mji ya wafanyabiashara, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Katika miaka ya 1950 uwazi huohuo ulipokea mikutano ya TANU. Ukanda uliokusudiwa kuwatenga watu ulikuwa na sifa moja ambayo watawala hawakuifikiria: ulikuwa mpana, ulikuwa karibu, na kuingia kwake hakukuwa na malipo.

Desturi hizi za uwanja hazikubaki pwani. Ngoma ya beni, iliyozaliwa katika miji ya pwani ya Kenya mnamo miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi, ilienea Tanganyika kwa vyama vyake vya Marini na Arinoti vilivyoshindana, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaingia bara pamoja na wanajeshi, wapagazi na vibarua. Terence Ranger alifuatilia safari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1975. Beni ilifika hadi miji ya migodi ya Katanga na ya Rhodesia ya Kaskazini. Kwenye ukanda huo wa shaba J. Clyde Mitchell alichunguza ngoma ya kalela, akachapisha utafiti wake mwaka 1956. Wachezaji wake walivaa nadhifu na kucheza mchana wa siku za mapumziko, mbele ya watazamaji ambao hawakununua tiketi.

Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, iliyoanzishwa mwaka 1910, ilijengwa kwa mpango uleule wa utengano: mji wa Wazungu upande mmoja, makazi ya Waafrika upande mwingine, na ardhi tupu katikati. Mwafrika aliyekutwa usiku katika mji wa Wazungu bila ya kibali alikuwa na kesi. Kutembea, tendo ambalo Kiswahili kinalihesabu kuwa elimu, lilikuwa kosa la sheria baada ya saa fulani. Wasomi wa Kiswahili wanayo bahati ya kuwa na ushahidi wa upande wa pili. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha Katanga, historia ya mji huo kama ilivyokumbukwa na watumishi wa nyumbani. Johannes Fabian na wenzake waliichapisha mwaka 1990. Humo mji unaonekana kwa macho ya yule aliyefagia varanda, naye anajua vizuri ni njia ipi aliruhusiwa kuipita na ipi hakuruhusiwa.

7.0 Kurudi Mulongo

Reli kutoka kusini ilifika Bukama mwaka 1918. Kutoka hapo abiria na mizigo walipanda meli za mto zilizoteremka Lualaba kupitia maziwa ya Upemba na Mulongo hadi Kabalo, ambako reli nyingine ilikwenda Ziwa Tanganyika. Kwa muda wa karibu miaka 40 mto ulikuwa kiungo cha lazima. Mwaka 1956 reli ya Kamina hadi Kabalo iliunganisha mifumo hiyo miwili kwa nchi kavu, na sehemu kubwa ya mizigo ikauacha mto. Jambo lililokuwa hasara kwa hesabu za usafirishaji halikuwa hasara tu kwa wenyeji: ufuko ulibaki kuwa wa mitumbwi, wa wavuvi na wa gulio.

Hatari ya kweli ilikuja kwa njia ileile iliyoifikia Nyangwe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wilaya ya Malemba-Nkulu iliingia katika mapigano ya wanamgambo wa Mai-Mai, na watu wengi wakakimbia vijiji vyao. Upande wa mashariki, eneo lililo kati ya Manono, Mitwaba na Pweto liliitwa pembetatu ya mauti. Vita vya namna hiyo huhesabiwa kwa waliokufa na waliohama, na ndivyo inavyopasa. Lakini kuna hasara nyingine ambayo haiingii katika ripoti. Mtu anapoogopa kwenda gulioni, anakosa chumvi, na anakosa pia habari, utani, uchumba na upatanisho. Watoto wanaokatazwa kwenda mtoni hukua bila ya kujua kuogelea katika nchi ya maji. Desturi ya kutoleta silaha gulioni, ambayo wanawake wa Maniema waliijua bila ya kufundishwa na mtu, ikikatika kwa kizazi kimoja, hairudishwi kwa tangazo la serikali.

Kwa sababu hiyo, amani inaporudi katika mji wa mtoni, kipimo chake cha kwanza kinaweza kuonekana bila ya uchunguzi mkubwa. Tazama ufukweni saa za jioni. Ikiwa wako watu waliokaa pale ambao hawauzi, hawanunui wala hawasafiri, basi amani imefika.

8.0 Hitimisho

Tumeona sehemu tatu zenye njia tatu tofauti. Nyangwe ilikuwa mahali pa furaha ya bure palipovunjwa na bunduki siku moja, kisha watu wakarudi. Forodhani palikuwa mahali pa ushuru ambapo wakazi wamepageuza kuwa mahali pa upepo. Viwanja vya Mnazi Mmoja, na vile vya miji ya migodi, vilikuwa ardhi ya utengano au ya mabaki iliyojazwa na ngoma, mpira na mikutano. Katika zote tatu starehe haikuletwa na mtengenezaji wa mji. Ililetwa na watu waliokwenda huko tena na tena, hata ikawa vigumu kuwazuia.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo mawili. La kwanza linawahusu wanaopanga miji. Ufuko na uwanja usioleta mapato husemwa kuwa umekaa bure, na hugawiwa kwa haraka. Historia inaonesha kwamba neno bure hapo limetumiwa kwa maana isiyo yake. Ufuko wa wote unafanya kazi kila siku. Kazi yake ni kuwakutanisha watu ambao pasipo hapo wangekutana katika ugomvi tu. Inafaa ardhi hiyo iandikwe kuwa ya wote kabla hajatokea mtu wa kuitaka.

La pili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili, wa Lubumbashi, Kamina, Unguja na Dar es Salaam. Historia ya matembezi haijakusanywa ipasavyo, na wenye kuikumbuka wanazeeka. Si lazima mwanafunzi angoje ruzuku. Aende mtoni au ufukweni na daftari, akae, awaulize bibi na babu wa hapo: gulio lilikuwa siku gani, nani aliyeamua ugomvi ukizuka, nauli ya mtumbwi ilikuwa kitu gani kabla ya fedha, ngoma ipi ilichezwa, na mtoto alikatazwa kufika wapi. Aandike majibu kwa maneno yaleyale waliyoyatumia, kama Yav alivyofanya kwa mji wake, bila ya kuyasafisha yafanane na Kiswahili cha vitabu. Kazi hiyo itamgharimu jioni moja, na huenda pia samaki mmoja wa kuwapelekea wenyeji wake.